Gari Waliloliita Upupu

Saa moja na robo asubuhi, Jumanne, bibi wa miaka sitini na minane ameketi juu ya kiti cha nyuma cha gari, na gari halipo chini yake. Kiti kimewekwa juu ya kitanda cha kamba, uani mwa nyumba moja ya Mabawa, mjini Tanga. Bibi huyo, Semeni binti Hatibu, amekunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, na mikono mitupu ameilaza juu ya kitambaa cha kiti.

Mbele yake, juu ya kigoda, kuna saa ya kengele. Mwenye nyumba, Uweso Idarusi, amechuchumaa kando ya saa hiyo na haondoi macho kwenye mikono ya bibi.

“Unanitazama kama daktari wa ng’ombe,” anasema Bi Semeni.

“Niwie radhi, mama. Naangalia kama ngozi inabadilika.”

“Ngozi yangu ilibadilika zamani, mwanangu. Hukuwapo.”

Wanawake wanaochungulia mlangoni wanacheka. Uweso anatazama saa. Jumatatu ijayo, tarehe 30 Julai 1956, likizo yake ya miezi mitatu bila mshahara inakwisha. Bi Semeni akijikuna, Uweso atarudi kwenye kiwanda cha katani alikofanya kazi miaka ishirini na miwili. Asipojikuna, gari litachukua bibi harusi Jumamosi, na Jumatatu Uweso atakwenda kiwandani kuaga tu.

Bi Semeni ni somo. Ndiye anayemfunda mwari, anayemsindikiza siku ya harusi na kukaa ubavuni mwake mpaka akabidhiwe. Kwa hesabu yake mwenyewe amesindikiza maharusi zaidi ya mia mbili. Katika mitaa ya Mabawa na Makorora, chombo ambacho Bi Semeni hapandi, bibi harusi hapandi.

Uweso ana miaka arobaini na sita. Ni fundi wa korona, mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge na kuacha nyuzi, katika shamba lililo maili kumi na moja kutoka mjini. Mshahara wake ni shilingi 165 kwa mwezi. Korona imempunguzia usikivu, hasa sikio la kushoto, na maji makali ya mkonge yameifanya ngozi ya mikono yake kuwa ngumu na yenye kung’aa kama mpini wa jembe la zamani. Sikio na ngozi ndivyo vilivyomponza.

Gari lenyewe ni Humber kubwa nyeusi iliyoletwa kwa meli mwaka 1937 kwa ajili ya meneja wa shamba. Ina nafasi ya watu watano nyuma, wawili kati yao wakiwa kwenye viti vidogo vya kukunja. Kati ya dereva na abiria kuna kioo kinachopanda na kushuka. Madirisha ya nyuma yalikuwa na mapazia ya hariri.

Uweso hakuvutiwa na hariri. “Kila kitu pale shambani kilikuwa kinapiga kelele,” anasema. “Korona, garimoshi la mkonge, wanyapara. Gari lile lilikuwa mashine pekee iliyonipita nyuma nisijue kama imepita. Nilijiambia, mtu aliyeitengeneza hii alikuwa na akili timamu.”

Meneja huyo aliondoka nchini mwaka 1949 na gari likabaki katika ghala, juu ya mawe, chini ya marobota. Magurudumu yake mawili ya nyuma yalikwishafungwa kwenye tela. Desemba 1954 uongozi wa shamba uliamua kusafisha ghala. Uweso, aliyejifunza kuendesha malori jeshini mwaka 1942 na mwenye leseni, alilinunua kwa shilingi 600. Zilikuwa akiba yake ya miaka sita.

Mkewe, Mwanasiti, anaikumbuka siku lilipofika. “Aliniambia amenunua gari. Nikatoka kulilaki. Likaja limefungwa juu ya mkokoteni wa mkonge, linavutwa na trekta. Ndani mna kuku wa watu, analalia mayai kumi na moja. Nikamwambia, baba, mayai haya ndiyo kitu kizima pekee ulichonunua.”

Kuku alirudishwa kwa mwenyewe. Mayai, kwa makubaliano, yaligawanywa.

Matengenezo yalichukua miezi kumi na sita, kila Jumapili na kila alasiri baada ya zamu. Injini ilikuwa imekwama. Uweso alimimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya nazi ndani ya kila silinda, akaongeza kila jioni kwa siku tisa. Siku ya kumi wanaume wanne walishika mtaimbo, na injini ikazunguka robo. Mhimili wa pampu ya maji ulikuwa umeliwa na kutu. Alichonga mwingine kwenye mashine ya kukerezea ya kiwandani, kwa ruhusa, saa ya chakula.

Mbao za ndani ya bodi alizitengeneza Fanueli, seremala wa Muheza. “Nilishika mlango nikaufungua, ukabaki mkononi mwangu,” anasema Fanueli. “Mchwa walikuwa wamekula mbao zote, wakaacha rangi. Nikaunda upya kwa mvule. Na bwana huyu hana mzaha. Anachukua senti kumi, anaichomeka kwenye pengo la mlango. Ikipita, anasema vua, anza tena. Niliuvua ule wa kulia mara tano. Mara ya sita nilimwambia, sasa nipe hiyo senti kumi nikanunue kahawa, maana wewe huna kazi nayo tena.”

Aprili mwaka huu injini iliwaka. Uweso aliweka kiganja juu ya boneti akasikia mtetemo, lakini hakuridhika. “Sikio langu si shahidi,” anasema. “Nikawaita majirani watatu wasikilize. Wawili wakasema halijawaka. Nikafurahi sana.”

Habari zilienea kwa wanawake kabla ya wanaume. Desturi ya pwani ni kwamba bibi harusi hutolewa kwao na kufikishwa kwa mumewe bila kuonwa njiani. Miaka ya karibuni watu wamekuwa wakikodi teksi na kushikilia kanga madirishani kwa mikono. “Mkono ukichoka kwenye kona, mtaa mzima umemwona mwari,” anasema Bi Semeni. Gari lenye mapazia, na kioo kati ya wanawake na dereva, lilikuwa jambo ambalo halijapata kuonekana Mabawa. Uweso alichukua likizo. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa na maombi ya harusi tano, kila moja kwa shilingi arobaini.

Kilichobaki kilikuwa viti. Ngozi ya zamani ilikuwa imeoza na panya walikuwa wamemaliza singa za farasi zilizokuwa ndani. Mwanasiti alishona foronya za kitambaa kizito cha buluu. Uweso alizijaza kwa kitu alichokijua kuliko vyote duniani: mabaki ya katani, zile nyuzi fupi zinazoanguka chini ya korona.

Nyuzi ndefu, zinazosafirishwa Ulaya, huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa juani. Mabaki hayaoshwi. Yanabaki na maji ya mkonge, na maji ya mkonge yanawasha.

Uweso alikuwa mwangalifu. Kabla ya kumpakia mtu yeyote, alikaa juu ya kiti saa nzima. Akawaita wenzake wawili wa kiwandani, nao wakakaa saa nzima kila mmoja. Wote watatu walisema kiti ni kizuri. Wana jumla ya miaka hamsini na minane kwenye korona.

“Nilimwambia mikono inaniwasha nikifunga mishono,” anasema Mwanasiti. “Akanijibu ni wanga wa kitambaa kipya, kikifuliwa utakwisha. Nikanyamaza. Fundi ni yeye.”

Harusi ya kwanza ilikuwa Alhamisi, tarehe 31 Mei, kutoka Makorora hadi Chumbageni, safari ya dakika kumi. Mvua ilikuwa inanyesha na madirisha yalifungwa. Ndani walikuwa bibi harusi, Bi Semeni, shangazi wawili na mama mdogo. Joto likapanda, jasho likatoka.

“Tulipofika sokoni kitu kikaanza kunitembea mgongoni,” anasema Bi Semeni. “Nikadhani ni mimi peke yangu, nikajizuia, mtu mzima. Nikamtazama shangazi mtu, naye anajisugua kwenye mlango kama mbuzi. Nikapiga kioo kwa pete. Nikapiga kwa kiatu. Wote tukapiga. Bwana huyu akageuka, akatabasamu, akazunguka soko mara ya pili!”

Uweso hakatai. “Kwa kioo kile sikusikia neno,” anasema. “Niliona vinywa vimefunguka na mikono iko juu. Harusini, hizo ni nyimbo. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, wamelipenda. Nikawaongezea.”

Aliwaongezea nusu saa. Alipita bandarini, akapita stesheni, akarudi sokoni. Walipofika Chumbageni wanawake wanne walitoka kabla gari halijasimama barabara, wakijikuna mikono, shingo na migongo. Upande wa bwana harusi ulidhani ni ngoma mpya ya Makorora. Wapiga ngoma waliitafutia mdundo, na akina mama wawili wa hapo wakaifuata. Bibi harusi, aliyekuwa amevaa nguo tatu na buibui juu yake, hakudhurika.

Kesho yake gari lilikuwa na jina. Watoto walilifuata wakiimba, “Upupu! Upupu!” kwa kulifananisha na mmea ule unaowasha. Maombi manne yaliyobaki yalifutwa ndani ya siku mbili. Uweso alirudisha shilingi arobaini, akawapelekea wanawake wanne chupa za mafuta ya nazi, na kwa Bi Semeni akaongeza sinia la halua.

“Halua niliipokea,” anasema Bi Semeni. “Radhi nilimwambia ingoje.”

Uweso hakumlaumu mtu wala katani. Alichukua nyuzi kutoka ndani ya kiti na kuwasugua nazo watu kumi chini ya kiganja, kwa idhini yao: watano wa kiwandani na watano wasio wa kiwandani. Wa kiwandani hawakusikia kitu. Wengine wote waliwashwa. Fanueli alikuwa mmoja wao. “Nilijikuna mpaka Muheza,” anasema. “Abiria wenzangu wakanihama.”

Ndipo Uweso alipojua kwamba ngozi yake ilikuwa imempa ushahidi wa uongo. Aliomba mabaki mapya ya katani, ratili arobaini, akayaosha kwa maji matatu, akayaanika siku tisa na kuyachambua kwa brashi ya kiwandani mpaka vumbi likaisha. Bi Semeni alipopata habari alituma ujumbe kwamba asihangaike, atumie sufi kama watu wote wanavyojaza mito. Uweso alijibu kwamba sufi hulala ikikaliwa, ila yuko tayari kupima.

Hiyo ndiyo sababu ya kiti kilicho uani Jumanne hii. Nusu moja imejazwa katani iliyooshwa, nusu nyingine sufi. Anayejua ipi ni ipi ni Mwanasiti peke yake, aliyeshona usiku mume akiwa msikitini. Bi Semeni atakaa saa moja kila upande. Amekubali kwa sababu moja. Bibi Ghanima binti Yaarub, mwenye mashamba ya minazi na wa ukoo uliotoka Omani, anamwoza mjukuu wake Shemsa kwa kijana aitwaye Khalifa, wa Mkwaja. Bibi Ghanima anataka gari lenye mapazia. Neno alilotuma ni fupi: “Semeni akikaa, Shemsa atakaa. Semeni akikataa, nitakodi lori nilizungushie kanga.”

Saa mbili kasoro dakika tano, Bi Semeni ameacha kuzungumza. Kidevu kimeshuka kifuani. Uweso anamgeukia mkewe.

“Amelala?”

“Sijui. Mguse uone.”

“Siwezi kumgusa. Nitaharibu kipimo.”

Saa mbili na robo kengele inalia na Bi Semeni anashtuka. Uweso anatazama mikono yake kwa mbele na kwa nyuma, kisha anamwomba Mwanasiti atazame mgongo. Hakuna alama. Bi Semeni anahamia upande wa kulia. Baada ya dakika ishirini anaanza kujipepea kwa ncha ya kanga.

“Unawashwa, mama?”

“Siwashwi. Napikwa. Na nimezama, mwanangu, nimekaa kwenye chungu.”

Saa tatu na robo kengele inalia mara ya pili. Mwanasiti anachukua mkasi na kufungua mshono mmoja upande wa kushoto, ule wa usingizi. Anachomoa nyuzi mbili na kuziweka kiganjani mwa Bi Semeni. Ni katani.

Bi Semeni anazisugua kwa vidole. “Ndiyo ileile iliyonivua adabu mbele ya wakwe za watu?”

“Ileile, mama. Hii imeoga.”

Wanawake wa mlangoni wanapiga vigelegele. Bi Semeni anainua mkono kuwanyamazisha.

“Ngojeni. Kiti kimeoga, alhamdulillahi. Na sikio je? Mkwaja ni mbali. Nikigonga kioo na wewe ukadhani ni tarabu, utatupeleka mpaka Bagamoyo.”

Jibu analitoa Mwanasiti. Anakwenda ndani, anarudi na kamba nyembamba ya katani, anaifunga juu ya kiwiko cha kushoto cha mumewe, kisha anampa Bi Semeni ncha ya pili. Kioo kitashushwa upana wa vidole viwili ili kamba ipite. Kuvuta mara moja ni kusimama. Bi Semeni anavuta pale pale, kwa nguvu. Uweso, aliyesimama kwa mguu mmoja akivaa kiatu, nusura aanguke.

“Sasa anasikia,” anasema Bi Semeni.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri Uweso alikuwa akijaza maji kwenye rejeta. Alipoulizwa mpango wake, alitaja kwanza matairi mawili mapya, kisha taa ya kushoto, ambayo ni ya lori na imetoka kwenye vifaa vya jeshi. “Nikipata harusi tatu kwa mwezi, korona basi,” alisema. “Na nataka siku moja Mwanasiti akae nyuma, peke yake, mapazia wazi, nimpeleke Korogwe na kumrudisha. Atakaa upande wowote anaotaka.”

Mwanasiti alisikia kutoka jikoni. “Korogwe kuna nini?”

“Hakuna kitu. Barabara ni nzuri.”

“Basi nitachukua na kuku,” alisema. “Amelizoea gari.”

Jumamosi, tarehe 28 Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari liliondoka mlangoni kwa Bibi Ghanima na wanawake watano nyuma: bibi harusi Shemsa, Bi Semeni, Bibi Ghanima mwenyewe na shangazi wawili. Nikahi ilikuwa imefungwa Alhamisi. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Kamba ilikuwa kwenye mkono wa dereva.

Kabla ya kufika Pangani, maili thelathini na tatu, Uweso aliishika kamba hiyo mara saba kuona kama haijafunguka. Ilikuwa imefungwa sawasawa. Hakuna aliyeivuta. Gari lilivushwa mto kwa pantoni saa tatu na nusu, wanawake wakiwa ndani. Wavushaji walikubaliana kwamba hawajapata kuvusha kitu kizito hivyo kisichotoa sauti. Mmoja aliuliza kama injini imezimwa. Uweso alimjibu kwamba haijazimwa, na akamwomba arudie swali hilo kwa sauti kubwa zaidi, wanawake wasikie.

Kusini ya mto njia ni ya mchanga na mashina ya minazi. Jua lilikuwa kali. Alisimama mara mbili kuongeza maji. Mara zote mbili alisogeza sikio la kulia kwenye upenyo wa kioo. Mara ya kwanza alisikia wanawake wakiimba. Mara ya pili hakusikia kitu, akarudi kwenye usukani na kuishika kamba tena.

Saa nane na dakika kumi mchana nyumba za Mkwaja zilionekana. Mbele ya nyumba ya bwana harusi watu walikuwa wamejipanga pande mbili, na ngoma zilikuwa zimeanza. Hatua mia mbili kabla ya kufika, kamba ilivutwa mara moja.

Uweso alikanyaga breki. Alizima injini, akageuka, akaweka sikio kwenye upenyo.

“Kuna nini, mama?”

“Tumefika?” akauliza Bi Semeni.

“Tumefika. Nyumba ile pale.”

“Nani kakuambia tunataka kufika? Mtoto hajachoka, na mimi nilikuwa nimelala. Zunguka mji.”

“Mara ngapi, mama?”

“Mpaka nivute.”

Gari lilipita mbele ya ngoma bila kusimama, likazunguka Mkwaja mara mbili. Saa nane na dakika thelathini na tano kamba ilivutwa. Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Wanawake watano walishuka, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyejikuna.